Sungura Kwenye Ubao wa Bi Soizig

Anayesikia la mkuu huvunjika guu. Najua methali haisemi hivyo, lakini aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi kwenye chombo cha nahodha Goulven Prigent. Briag, baharia wake, amemsikia mkuu huyo miaka kumi na moja: hapigi mluzi baharini, havai kijani, halitamki jina la yule mnyama. Na Jumanne ya Wiki Takatifu, saa tatu kasorobo asubuhi, winchi ya kuvutia kamba ikamvunja vidole viwili. Mimi nisiyesikia la mtu nilikuwa jikoni nakata vitunguu, mzima kabisa. Ndiyo maana kosa likawa langu.

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja la chaki.

Mgahawa wa Bi Soizig, Ti Gwagenn, una meza kumi na nne, vitambaa vyeupe vinavyopigwa pasi mara mbili, na sheria moja aliyoiacha mama yake. Kila chakula cha siku huandikwa kwenye ubao mweusi mlangoni, ukiangalia gati la Porz-Menez, na mbele ya kila chakula huandikwa jina la chombo kilichokileta. Kambakoche: Stered Mor. Samaki taa: Marie-Reine. Wageni hutoka Brest, Rennes, hata Paris, wameweka nafasi miezi miwili kabla, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuusoma ubao, kisha kugeuka kukitafuta chombo. Wakikiona pale kinayumba kwenye kamba zake, wanaingia ukumbini wameshashiba nusu.

Kwa muda wa miaka arobaini chaki ilikuwa mkononi mwa Bi Soizig. Mimi niliingia pale na stashahada yangu ya chuo cha upishi na ulimi wangu, na baada ya miaka mitatu alinipa majiko, lakini chaki hakunipa. Majira hayo ya kuchipua alikuwa na miaka sabini na mbili na goti bovu. Bwana mmoja wa Rennes alitaka kuinunua nyumba, aigawe vyumba vya watu wa likizo, kila chumba na dirisha lake la bahari. Bi Soizig aliniambia bila kuzunguka: nimwoneshe hadi Pasaka kama jiko linaweza kusimama bila yeye. Likisimama, nyumba inabaki mgahawa na mimi nabaki mpishi wake. Lisiposimama, Jumanne baada ya Pasaka anaweka sahihi.

Jumanne hiyo ya Wiki Takatifu, goti lilimlaza kitandani, akanituma mimi nikaandike ubao. Nikaandika vyakula sita vya vyombo vyetu. Chini yake nikaandika cha saba: Sungura kwa brennig.

Brennig ni wale konokono wa mwambani wenye gamba la kofia, chakula cha maskini, chakula ambacho nyumba zenye vitambaa vyeupe hazikitaji. Lakini si brennig waliowaudhi watu. Yule mwingine ndiye jina lake halitamkwi gatini. Wazee wanasema zamani walipakiwa melini wakiwa hai, wakatoboa vikapu, wakatafuna kamba na katani iliyoziba mbao, na meli ikaenda chini na watu wake. Tangu hapo mabaharia humwita Masikio Marefu, au hunyamaza tu na kuweka vidole viwili juu ya kichwa. Mvuvi akimwona akikatiza barabara alfajiri, anarudi nyumbani kulala.

Hayo nilijua tangu sijaota meno. Na nilijua na la pili, ambalo wanaume hawakuliandika popote. Kila ua wa Porz-Menez ulikuwa na kibanda chenye matundu ya waya nyuma ya nyumba. Wanawake walisema wanyama wale ni wa kuuzia watu wa mashamba siku ya gulio. Bibi yangu Marivon alinionesha ukweli nikiwa na miaka sita. Vyombo vya safari ndefu vilipoondoka, wanawake walisubiri hadi cha mwisho kiupite mnara wa taa. Kisha sungura akaenda sufuriani, na kitunguu, na siagi ya chumvi, na mvinyo wa tufaha, na mwishoni brennig waliookotwa na mikono ileile, kwa kuwa samaki wote walikwenda sokoni. Walikula pamoja, nyumba moja baada ya nyingine, siku tatu mfululizo. Mifupa ilizikwa. Sufuria ilisuguliwa kwa mchanga. Wanaume waliporudi walikuta supu ya kabichi na wake wenye mashavu.

Bibi alifariki Januari iliyopita. Nilitaka chakula chake kiwe na jina, mchana, kwenye ubao.

Kwa hiyo niliandika. Saa mbili Stered Mor, chombo cha Goulven, ikaondoka, naye akausoma ubao akipita. Saa tatu na nusu akarudi na Briag amefungwa kitambaa chenye damu.

Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje na mabuti yake, mtu mpana wa miaka hamsini na tisa, akanitaka nitoke. Alisema kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilifute lile neno, kisha Jumatano, vyombo vyote vikiwa gatini, nisimame mbele ya manahodha niombe radhi. Nikifanya hivyo yameisha. Nisipofanya, hakuna dema la kambakoche litakaloinuliwa kwa ajili ya Ti Gwagenn.

Nilimwambia pole ya Briag nitampa Briag mwenyewe. Neno silifuti.

“Binti,” akasema, “hata bibi yako hakuwa na kichwa kigumu hivi.”

“Alikuwa nacho, Mzee Goulven. Ila alikifunga kilemba.”

Vyombo tisa vina nyumba yao pale gatini. Jumatano hakikuja hata kimoja mlangoni kwetu. Tulihudumia kilichobaki kwenye tangi. Alhamisi tangi likawa na kambakoche wawili, na Ijumaa Kuu likawa na maji tu, tukafunga mlango.

Bi Soizig aliteremka ngazi akishika ukuta. Hakunigombeza, angenigombeza ningejisikia nafuu. Alikaa meza ya dirishani akakumbusha hesabu niliyokuwa nayo kichwani usiku na mchana: Jumapili ya Pasaka, mchana, watu arobaini na wawili. Nikamwambia naweza kupiga simu kwenye mnada wa bandari kubwa, gari lilete samaki kesho. Akauliza jina la chombo litaandikwaje. Nikasema si lazima liandikwe.

“Samaki asiye na jina siweki mezani,” akasema. “Mama yangu hakuweka, mimi siweki.”

Kisha akajaribu njia nyingine, kwa upole, kama mtu anayejaribu ufunguo: kwa nini nisiandike Masikio Marefu? Wageni watacheka, manahodha watatulia, bibi yangu hatakasirika huko aliko.

Nilimwambia tu kwamba wanawake wale wamekula wakijificha miaka mia, na mimi sikumtoa bibi uvunguni ili nimvishe jina la bandia.

“Basi ubao ukiwa mtupu Jumapili,” akasema, “Jumanne natia sahihi. Sikutishi, mwanangu. Nimechoka.”

Jioni ile nilikwenda kumwona Briag. Mkewe alinifungulia mlango, akanitazama, akanipisha. Briag alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kama mkate. Nilimpa pole yangu na keki ya siagi, akaipokea kwa mkono mzima na kuanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anachekea nini.

“Nawachekea nyinyi wawili,” akasema. “Mnagombea mnyama. Kinga ya winchi imetoka tangu Januari. Nimemwambia mzee mara nne. Kasema tutaifunga Pasaka ikipita.”

Mkewe akamkata jicho, naye akaongeza haraka kwamba hajasema kitu. Ana nafasi yake chomboni, na mkono ukipona anaitaka.

Nilirudi kwa miguu kando ya gati. Mkononi sasa nilikuwa na jiwe, na paa la Goulven lilikuwa la kioo. Ningelitupa, Jumamosi asubuhi manahodha wote wangejua. Lakini lingempata Briag kwanza. Nikalimeza, na halikushuka vizuri.

Nilipofika mlango wa nyuma wa jiko, nikamkuta Jakeza amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jakeza alikuwa shoga wa bibi yangu, mwanamke mfupi mwenye uso uliopigwa na upepo hadi ukaacha kuzeeka. Yeye na mabinti zake wawili, Maina na Katell, wana kibali cha serikali cha kuokota ufukweni na kuuza. Ndiyo kazi yao, majira yote, mgongo umeinama.

“Nasikia una chuo kizima kichwani,” akasema, “na jikoni huna hata kaa wa kukufinya.”

Nikamwambia asinichoshe, nimeshachoka mwenyewe.

“Mwezi ulijaa jana. Kesho ni bamvua. Bahari itavuka miamba ya Askofu, itaondoka hadi uone aibu kuitazama. Wewe unalia vyombo, vyombo. Lini mara ya mwisho ulivaa mabuti?”

“Shangazi, ni watu arobaini na wawili.”

“Nami nina mabinti wawili na mgongo mmoja. Njoo saa sita. Na lete ndoo zinazoshika maji, si hizo za kupigia picha.”

Jumamosi Kuu, saa sita mchana, bahari ilikuwa imeshaondoka kama alivyosema. Gati lilibaki juu kavu na vyombo tisa vimelala ubavu kwenye tope. Mbele yake vilitokea viwanja vya mawe na mchanga ambavyo huonekana mara chache kwa mwaka, vyeusi, vinang'aa, vinanuka chumvi na maisha. Jakeza alitangulia na fimbo. Tulikuwa wanne, kisha tukawa saba, kwa sababu dada yake Briag alitokea na shangazi zake wawili, wakasema wanapita tu. Kuokota kwa kuuza kuliruhusiwa kwa Jakeza na wanawe. Sisi wengine tulibeba ndoo, na tulizibeba vizuri.

Jakeza alikwangua kombe za mchangani kwa reki. Mabinti waliinua mawe, Maina akatoa konokono weusi na Katell kaa wadogo wa kijani, wakarudisha kila jiwe lilivyokuwa limelala. Mwani walikata kwa mkasi, aina nne, kila aina kikapu chake. Brennig alinipa mimi niwatoe kwa kisu cha Jakeza, yeye akihesabu.

Brennig ana siri moja. Ukimgonga ghafla, pembeni, kwa mara moja, anang'oka kama kofia. Ukimgusa tu ukasita, ameshajua. Anajibana mwambani, na hapo utavunja kisu kabla hajaachia. Wa kwanza watano niliwaachia mwambani. Jakeza alicheka hadi akashika kiuno.

“Anakutambua ndugu yako huyo,” akasema.

Juu gatini wanaume walikuwa wamesimama mikono mifukoni wakitutazama. Mmoja alipaza sauti kuuliza kama tumepoteza pete. Jakeza hakuinua kichwa. Alimjibu kwamba tunatafuta haya yake, aliidondosha siku ya harusi. Wenzake wakacheka, naye akacheka kwa kuchelewa. Goulven alikuwa miongoni mwao. Yeye hakucheka. Alitazama kisu mkononi mwangu kwa muda, akaondoka.

Maji yaliporudi tulikuwa na ndoo kumi na nane.

Usiku huo nililala muda wa saa nne tu, na sitausimulia. Jumapili asubuhi kengele za kanisa zilipolia mwisho wa misa, Bi Soizig aliteremka amevaa gauni lake la bluu, chaki mkononi. Alisimama mbele ya ubao uliofutwa. Nilikuwa nimempa orodha ya sahani saba. Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

“Chombo gani?” akauliza.

Nikamwambia hakuna chombo.

“Sheria inasema jina la chombo.”

“Mama yako alitaka nini, Bi Soizig? Alitaka mgeni ajue nani amelowana kwa ajili yake. Basi hao wamelowana. Majina wanayo.”

Alinitazama muda ambao ungetosha kuchemsha yai. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake ule uliolala kama mashua zinazokimbia upepo. Kombe kwa mvinyo wa tufaha: Jakeza. Konokono weusi na siagi ya mwani: Maina. Supu ya kaa wa kijani: Katell. Akateremka hivyo mstari kwa mstari. Alipofika wa sita alisita, chaki hewani, akatazama gati. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Akaandika: Sungura kwa brennig. Na mbele yake, polepole, akaandika: Marivon.

Wa saba ulikuwa chapati nyembamba za ngano nyeusi na tufaha lililochomwa, nao akauandikia jina la mama yake.

Arobaini na wawili walifika wote. Walisoma ubao, wakageuka kutazama gati kwa mazoea, wakakosa pa kuweka macho. Mhudumu wetu alimwelekezea mgeni wa kwanza kidole: Jakeza alikuwa amekaa kwenye ukuta wa bahari na koti lake la kanisani, akila chungwa. Habari ilizunguka meza. Kila aliyemaliza sahani ya kwanza alinyoosha shingo dirishani, na Jakeza, ambaye hakujua aibu ni mnyama gani, akawa anawapungia mkono.

Nilikuwa na hofu moja tu, brennig. Ukiwachemsha dakika moja zaidi wanakuwa raba. Niliwakata vipande vyembamba kama kucha, nikawaingiza kwenye mchuzi sufuria ikiwa imeshatoka motoni, kama bibi alivyofanya, mgongo wake ukiwa mlangoni ili asikie mtu akija. Sungura alikuwa laini hadi uma ulitosha. Sahani za kwanza kumi zilitoka. Nikasimama nyuma ya mlango wa jiko nikisikiliza. Ukumbi wenye watu wanaokula vibaya una kelele. Wetu ulinyamaza, kisha visu vikaanza tena kugonga, na mtu akaomba mkate zaidi. Mkate ukaombwa na meza ya pili, na ya tano. Sahani zilirudi zimefutwa, nyeupe kama hazijatumika.

Mlango wa mbele ukafunguka tena. Walikuwa wanawake wa gatini, kumi hivi, wake wa manahodha na wa mabaharia, bado na nguo za kanisani, hawakuwa na nafasi wala hawakuomba meza. Walitaka kuona majina. Mke wa Goulven alikuwa mbele. Alisoma mstari wa sita kwa sauti, neno zima, herufi zote, pale mlangoni, na dari haikuanguka. Aliniuliza kama kuna hata kijiko. Niliwapa sufuria ya akiba na vijiko, wakala wamesimama kwenye kijia cha jikoni, wakisukumana na kushtakiana nani alikuwa mchoyo wa siagi enzi hizo.

Saa tisa mgeni wa mwisho aliondoka akiuliza kama Pentekoste ina nafasi. Bi Soizig aliandika jina lake kwenye daftari, kisha la aliyepiga simu, kisha la mwingine. Akaja jikoni. Hakusema mengi, hakuzoea. Alisema bwana wa Rennes atafute dirisha lingine la kutazamia bahari. Akatoa chaki mfukoni, akaitia kwenye mfuko wa aproni yangu, akaupigapiga mfuko kidogo kama mtu anayelaza mtoto. Akapanda ngazi kulaza goti lake.

Niliketi juu ya ndoo ya Jakeza. Mikono yangu ilikuwa imekatwakatwa na magamba, na nilikuwa na furaha kiasi cha kutoweza kuvua viatu.

Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa.

Goulven Prigent aliingia amevua kofia. Aliangalia kama kuna mtu, akafunga mlango nyuma yake mwenyewe. Alisema mke wake amerudi nyumbani ananuka vitunguu na hataki kupika. Kisha akaangalia sufuria, akainua vidole viwili juu ya kichwa chake, kama watoto wanavyofanya shuleni.

“Kimebaki hicho?”

Kilikuwa kimebaki. Nilimpakulia kwenye sahani nzuri, na kitambaa, na uma wa fedha, kwa sababu hii ni nyumba ya namna hiyo. Alikula pembeni ya meza ya kukatia nyama, amesimama, mgongo kwenye ukuta. Alikula kama mtu anayesoma barua, na mimi nikajifanya nasugua jiko. Alimaliza. Akafuta sahani kwa mkate, akala mkate.

“Umesahau plamu kavu,” akasema.

Niligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

“Bibi hakuwa anaweka plamu,” nikasema.

“Aliweka. Tatu kwa kila mtoto.” Aliangalia kofia yake. “Mama yangu alikuwa mgonjwa, baba yuko baharini. Nimekula kwa Marivon tangu nikiwa na miaka mitano hadi siku nilipopanda chombo mara ya kwanza. Siku ile aliniambia, kuanzia leo hujawahi kula hapa.”

Maji yalikuwa yamejaa tena. Nilisikia vyombo vikigusana gatini.

“Winchi nimeifunga kinga,” akasema. “Jana jioni. Nimekwenda kwa Briag pia.”

Nikasema vizuri. Sikuongeza neno, na naona alielewa kwamba nilikuwa na neno la kuongeza. Akanisogelea hatua moja. Alisema Jumanne vyombo vinatoka, na yeye binafsi angependa dema lake la kwanza lije hapa. Lakini kuna manahodha wanane wengine, na wao hawakula kwa Marivon, au wanasema hivyo. Mtu anapotoka na giza, bahari iko mbele yake na watoto wako nyuma, hataki jambo la mwisho aonalo liwe lile neno. Hakulisema kwa ubishi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anayeogopa kazi yake, kila siku, na bado anaamka akaenda.

Hilo nililiheshimu. Nikamwambia ubao ni wangu sasa. Kuanzia Jumanne utaangalia kanisani, si gatini. Anayetoka baharini kutafuta chakula ataukuta, na anayekwenda baharini hataukuta. Neno litabaki neno.

Alifikiri. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akavaa kofia, akaweka mkono kwenye kitasa.

“Na Jumanne asubuhi uje useme pole mbele yao,” akasema. “Neno moja tu, binti. Ili iishe.”

“Plamu nitaweka,” nikamwambia. “Radhi siombi.”